Meza ya Mama Kioko Mlangoni Pangu

Bwana asifiwe, kanisa! Naona wengine bado mnatafuta viti. Ketini tu, mchungaji ameniahidi kwamba leo hatanikatiza.

Mimi ni Faida, mama Gloria, na hapa Kawangware wengi mnanijua kwa cherehani yangu. Lakini kabla ya hapa nilikaa Kianda, kule Kibera, na majirani wote niliwaambia natoka Kitale. Sijawahi kufika Kitale! Mimi ni mzaliwa wa Uvira, Kongo. Nilikimbia vita nikiwa na mtoto mgongoni, nikaandikishwa hapa Nairobi kama mwomba hifadhi, na kutoka hapo nikafunga mdomo.

Ndugu zangu, niliogopa. Sisi wakimbizi tulikuwa tukiambiana kwamba mwanamke akienda ofisini kuomba msaada wa nyumba au chakula, kesho yake anapandishwa basi la kambini. Gloria ana pumu, na daktari wake yuko hapa. Nikasema, heri nilale njaa Kianda kuliko mtoto akose pumzi mbali na hospitali. Basi nikafua nguo za watu kule mtaa wa Olympic, nikala nilichopata, na nikamdanganya kila jirani aliyenipenda.

Ikaja Julai, Gloria akalazwa. Vibarua vikakatika, siku ya kulipa kodi ikapita. Mnajua wenye nyumba wengine wanavyofanya. Yule wa kukusanya kodi hakuja na kufuli, alikuja na nyundo. Aling'oa mlango wangu, akaubeba kichwani akaenda zake kama mtu aliyetoka kununua kitanda. Baridi ikaingia ndani, na mtoto ndiyo kwanza ametoka hospitali! Nilimfunika kwa kila nguo niliyokuwa nayo, nikakaa nasikiliza kifua chake. Niliomba, jamani. Nilimwambia Mungu alete malaika.

Alimleta Mama Kioko na meza yake ya sukuma wiki. Huyu ni mama wa Kitui aliyekuwa akiuza mboga pale nje ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga, na sauti yake ukiisikia unafikiri anamwita mtu aliyebaki Kitui. Aliiburuta ile meza mpaka mlangoni pangu, akaiweka palepale mlango ulipokuwa, akaketi.

"Leo nauzia hapa," akasema. "Mwizi akitaka kuingia, kwanza anunue nyanya."

Na pazia zito la kuziba upepo, je? Hilo alilileta Mama Zainabu, Mwislamu kutoka Makina. Walokole wenzangu, msinune, yeye alifika sisi tukiwa bado tunafunga na kuomba! Mungu wetu hutumia anayemtaka.

Mama Kioko alikuwa anakata sukuma, nami nimekaa nyuma yake nalia. Akaniuliza bila kugeuka, "Mbona hauendi kwa ofisi ya wakimbizi?"

Nikaanza habari zangu za Kitale.

"Kitale gani, Faida? Wiki ya kwanza uliniuliza kama nauza majani ya mihogo, na watu wa Kitale hawayali! Ploti nzima inajua. Tulinyamaza juu tuliona unaogopa."

Ndugu zangu, nilicheka na kulia kwa pamoja. Walijua siku zote! Walijua, na bado waliniazima chumvi, wakanichukulia mtoto shuleni. Nilipomweleza habari ya basi la kambini, aliweka kisu chini. "Twende tuulize," akasema. "Wakikupandisha basi, watanipandisha na mimi."

Tukaenda Riruta, kwenye ofisi ndogo inayosaidia wanawake wakimbizi. Zamu yangu ilipofika, sikuweza kutamka neno. Mama Kioko akamwambia yule dada wa ofisini, "Huyu hana mlango, na mtoto wake ni mgonjwa wa kifua."

Yule dada hakunificha. Alisema mambo ya kambi yapo, lakini mama mwenye mtoto anayetibiwa hapa anaweza kuombewa ruhusa ya kukaa mjini, na wao wenyewe wangeniombea. Halafu akanifungulia mambo ambayo nilikuwa nimeyakimbia muda wote ule. Kulikuwa na nyumba ya akina mama na watoto wao hapa Kawangware, unakaa miezi kadhaa bila kodi. Ukitoka, wanakusaidia kodi ya mwanzo. Pesa ya chakula inaingia kwa simu. Kulikuwa na mafunzo ya ushonaji. Si kila mtu hupata yote, na mengine niliyangoja sana. Lakini siku ile ile Gloria alilala kwenye chumba chenye mlango unaofungwa!

Ruhusa ilitoka, haleluya! Leo ninalipa kodi yangu mwenyewe, na Mama Kioko akija kunitembelea, bado anapiga kelele mpaka majirani wanatoka nje.

Ninamshukuru Mungu kwa ajili yake. Na wewe dada yangu uliye hapa ndani, unayejificha kama nilivyojificha, sitakutaja wala sitakutazama. Jumanne asubuhi nitakuwa langoni mwa kanisa, nakwenda tena ile ofisi. Njoo twende. Usinieleze ulikotoka kama hujawa tayari, na tukifika ukikosa la kusema, nitasema mimi. Mtumaini Bwana, hatakuaibisha. Na kama una mtoto, mvalishe sweta, asubuhi Riruta kuna baridi.