Leander Broomfield na Moshi wa Ng'ambo ya Ziwa

Wasikilizaji wapendwa, epueni birika jikoni, mketi nami kidogo. Leo tunamkumbuka Leander Broomfield. Leander Broomfield, mtoto wa mtega wanyama, fundi mitambo wa mgodini, mume wa Winifred. Alifariki Jumapili iliyopita nyumbani kwake, hapa hapa kwetu Labrador. Mapafu yalikuwa yamemchosha. Alikuwa na miaka sabini na mmoja.

Wengi wenu mnamjua kwa jambo moja tu. Ndiye yule aliyeingia kwenye shindano la kuishi peke yako porini wakati wa baridi, kisha akavuka ziwa lililoganda kwenda kumwokoa mwenzake. Hivyo ndivyo tulivyozoea kulisimulia. Leo tutalisimulia lote, kama alivyotaka mwenyewe. Mkewe Winifred aliponipokea sebuleni kwake juzi, neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Sema yote. Yule mzee alichoka kusifiwa nusu nusu."

Basi tuanze.

Leander alizaliwa kwenye nyumba ya mbao mdomoni mwa mto. Baba yake alitega wanyama wa manyoya, akitoka majira ya majani kuanguka na kurudi Krismasi, ndevu zimejaa barafu. Kijana huyu hakufuata njia hiyo. Alikwenda mgodini, akatengeneza mitambo, akapata kitambi. Nyumbani walimtania bila huruma. Dada yake Pearl ndiye aliyeongoza. Siku aliposema amejiandikisha kwenye shindano lile, Pearl alikuwa anakanda mkate. Hakugeuka hata kumtazama.

"Wewe? Msituni?" alimwambia. "Kaka yangu, wewe ukikosa sukari kwenye chai unakosa usingizi. Utarudi kabla unga huu haujaumuka."

Pearl mwenyewe ananiambia leo, "Nilikuwa natania. Sikujua kwamba aliyabeba maneno yale mpaka kule porini."

Aliyabeba, wasikilizaji. Alikuwa na miaka hamsini, na alitaka mara moja tu maishani mwake watu waseme, huyu kweli ni mtoto wa baba yake.

Masharti ya shindano yalikuwa machache. Kila mshiriki anashushwa na ndege ndogo mahali pake, peke yake, na vifaa vichache: shoka, kisu, wavu, waya wa mitego, sufuria, kiberiti na matandiko ya kulalia. Haruhusiwi kwenda kwa mwenzake. Haruhusiwi kusaidiwa. Ana kifaa kimoja chenye kitufe. Akikibonyeza, ndege inakuja kumchukua, na kwake shindano limekwisha. Atakayebaki wa mwisho ndiye mshindi.

Kabla ya kutawanywa, washiriki walikaa pamoja kambini kwa siku chache. Hapo ndipo Leander alipokutana na Anselm Pye. Anselm Pye, fundi wa mashua kutoka pwani ya kusini, kijana mwenye mdomo usiopumzika. Walipendana mara moja, kwa namna ile ya wanaume wanaotukanana.

"Mzee," Anselm alimwambia, "ukisikia ndege inanguruma, funga mizigo. Itakuwa imekuja kukuchukua wewe."

"Nitakuwa nimeshiba nungunungu nimelala," akajibu Leander. "Itakuamsha wewe unayelia mama."

Leander akashushwa upande wa kaskazini wa ziwa. Akajenga kibanda cha magogo na matawi ya misonobari, akakifukia kwa theluji mpaka kikaonekana kama kichuguu. Alitoboa barafu akatandaza wavu chini yake, kama alivyomwona baba yake akifanya. Alitega sungura. Nungunungu mmoja alimpata kweli juu ya mti, maana wa kwetu hupanda miti, akamuunguza miiba yote, akamla siku nyingi, hata ngozi. Kisha baridi ikakaza. Samaki wakawa wachache. Sungura wakatoweka. Kitambi kikaenda, mashavu yakaenda, suruali akaifunga kwa kamba. Alimsimulia Winifred kwamba njaa haikuwa mbaya kuliko kimya. Alianza kumsimulia masaibu yake ndege mmoja wa kijivu aliyekuja kudokoa utumbo wa samaki. Ndege alisikiliza, akala, akaruka.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja kilichomliwaza. Ng'ambo ya ziwa, kila asubuhi, moshi ulipanda. Moshi mweusi, mzito.

"Anachoma kuni mbichi yule," Leander alijisemea, akacheka peke yake. "Ni Anselm tu. Hakuna mwingine."

Hakuwa na hakika, lakini moyoni alijua ni Anselm. Ikawa kila asubuhi anatoka na kikombe chake cha maji ya moto, anakiinua kuelekea upande ule. "Umeamkaje, jirani?" Kisha anaendelea na kazi. Winifred anasema mumewe aliupenda moshi ule kama mtu anavyopenda redio iliyo chumba cha pili.

Na asubuhi moja, moshi haukupanda.

Nisikilizeni vizuri hapa, wasikilizaji wapendwa, maana sehemu hii ndiyo tuliyokuwa tunairuka. Asubuhi ile hakukuwa na upepo. Anga lilikuwa safi. Moshi haukupanda. Leander alisimama na kikombe chake mpaka maji yakapoa. Akajisemea, amelala. Mchana haukupanda. Akajisemea, basi kashindwa, kabonyeza kitufe, kachukuliwa.

Lakini hakuwa amesikia ndege. Ndege haiwezi kushuka pale bila kupita juu ya ziwa, na kwenye kimya kile ungesikia hata theluji ikidondoka tawini. Leander alilijua hilo. Alilijua hilo, wasikilizaji, na akaketi akashona wavu wake.

Asubuhi ya pili, hakuna moshi. Aliuangalia ufuko wa ng'ambo, halafu akaangalia pembeni. Alimwambia Winifred miaka mingi baadaye, kwa maneno yake mwenyewe: "Nilifurahi, mama. Kidogo, lakini nilifurahi. Nilisema, kapungua mmoja. Nikamwona Pearl akiwa na unga mikononi, hana la kusema. Nikavuta blanketi."

Asubuhi ya tatu alitoka nje, akatazama, na miguu ikafanya yenyewe kile ambacho kichwa kilikuwa kinakataa. Alifunga viatu vya kutembelea thelujini, akaweka kifaa chake kifuani kisigande, akavuka.

Barafu ililia chini yake njia nzima. Alipofika, theluji ilikuwa imeziba mlango wa kibanda. Alichimba kwa mikono. Ndani alikuwa Anselm Pye, ndani ya mfuko wa kulalia, midomo imepasuka, macho yakiwa wazi. Alikuwa ametumbukia kwenye barafu nyembamba mdomoni mwa kijito, alipokwenda kuangalia wavu. Kifaa chake kilizama. Alitambaa mpaka kibandani akiwa ameloa, na vidole havikuweza kushika hata njiti ya kiberiti. Viatu vilikuwa vimegandia miguuni.

Leander alibonyeza kitufe chake palepale. Akawasha moto. Akamkumbatia yule kijana kama mtoto, akimlisha maji ya moto kwa kijiko. Na Anselm, alipopata sauti, akasema:

"Nilijua utakuja. Nilikuwa naona moshi wako kwenye upenyo wa ukuta. Nikajisemea, yule mzee ataona kwangu hakuna moto. Sasa hivi anakuja."

Leander aliongeza kuni.

Ndege ikaja, ikawachukua wote wawili. Anselm alikatwa miguu yote miwili chini ya magoti. Shindano likaenda kwa mtu mwingine, na jina lake hatulikumbuki. Tulimkumbuka Leander. Mnakumbuka mapokezi? Watu walijaa kiwanja cha ndege, watoto na bendera, keki yenye umbo la ziwa. Pearl alilia begani kwake, akamwambia, "Nisamehe, kaka. Wewe kweli ni mtoto wa baba." Winifred anasema mumewe hakuionja ile keki. Alisema tumbo halijazoea.

Alikuja pia hapa studio. Mtangazaji aliyenitangulia alimuuliza, "Uligunduaje kwamba mwenzako yuko hatarini?" Sauti yake tunayo mpaka leo. Anasema, "Niliona hakuna moshi." Akaulizwa, "Ukaondoka mara moja?" Anasema, "Ndiyo. Asubuhi ileile."

Asubuhi ileile. Tangu siku hiyo kila aliyemshika mkono dukani alikuwa anamshika kwa uongo ule. Aliacha kwenda kuvua kwenye barafu. Akakataa kusimama mbele ya watoto wa shule. Tuliita unyenyekevu. Tukampenda zaidi, na kadiri tulivyompenda ndivyo tulivyomkaba.

Miaka ikapita hivyo. Kisha siku moja, wakiwa wanasafisha samaki ua wa nyuma, akamwambia mkewe yote. Winifred hakuacha kazi. Aliparua samaki yule mpaka mwisho, akaosha kisu, akasema: "Mimi umeniambia. Lakini siyo mimi niliyekatwa miguu."

Leander akasafiri kwenda pwani ya kusini. Alimkuta Anselm kwenye banda lake, amesimama juu ya miguu ya bandia, anapiga msasa ubavu wa mashua. Anselm alifurahi kumwona. Akamtania kuhusu kitambi kilichorudi. Leander hakuketi.

"Anselm, sikuja siku ile ya kwanza," alisema. "Wala ya pili. Nilijua hakuna ndege iliyokuja. Nilikaa kwangu nikaota moto."

Msasa ulisimama.

"Kwa nini?"

"Nilitaka kushinda."

Anselm ananiambia kwamba alitafuta tusi, hakulipata. Akasema tu, "Nenda zako, Leander. Nenda kabla sijashika nyundo."

Akaenda. Lakini majira ya majani kuanguka yalipofika, akarudi na gari la kuni, akazipanga ukingoni mwa uzio wa Anselm, akaondoka bila kubisha hodi. Mwaka uliofuata akafanya vilevile. Zile za kwanza Anselm aliziacha zikaoza. Za mwaka wa pili alizitumia, kwa sababu baridi ilikuwa kali na mgongo ulikuwa unauma. Mwaka wa tatu alikuwa amesimama mlangoni.

"Kuni zako zina mafundo," alisema. "Ingia. Chai inapoa."

Toka hapo wakawa ndugu. Hawakulizungumza jambo lile tena. Walizungumza mashua, na magoti, na wake zao, na nani kadanganya uzito wa samaki. Nilimuuliza Anselm kama alimsamehe. Alifikiri. "Sikuwahi kumwambia si kitu," alinijibu. "Ilikuwa ni kitu. Lakini asipokuja, nilikuwa namwulizia."

Mwezi uliopita, Leander alipokuwa hawezi tena kutoka kitandani, Anselm alikuja kumtazama. Winifred alikuwepo chumbani. Anselm aliketi, akavuta pumzi, akasema kuna neno alilolinyamazia siku zote. Madaktari walimwambia tangu mwanzo, pale pale hospitali: miguu ile ilikufa siku ileile aliyotumbukia. Hata Leander angevuka saa ileile, wasingeweza kuiokoa.

"Nilijua siku uliyokuja bandani," Anselm alisema. "Nilikuwa na hasira, nikakuacha ubebe. Halafu miaka ikapita, nikaona aibu kusema. Sasa nakutua mzigo, mzee. Hukunipunguzia hata ukucha."

Leander alifumba macho, Winifred akadhani amelala. Kisha akayafumbua.

"Ahsante, Anselm," alisema. "Lakini mimi nilipokuwa nimekaa pale, hilo sikulijua."

Anselm akamshika mkono, na walikaa hivyo mpaka chakula kilipoletwa.

Wasikilizaji wapendwa, Leander Broomfield atazikwa kesho baada ya ibada ya saa nne. Kaburi limechimbwa kwa moto na sururu, maana ardhi imeganda. Kwako Winifred, kwako Pearl, na kwako Anselm Pye ambaye umekuja toka kusini na utakuwa miongoni mwa wabeba jeneza, tunawapa pole, kutoka hapa studio na kutoka kila nyumba inayotusikia. Tunawaomba radhi pia. Tulimpa sifa alizokuwa anazikimbia, na hatukumuuliza mara ya pili.

Kabla sijawaacha, naomba jambo moja. Yuko mtu ambaye wiki hii umepita karibu naye, ukaona mambo hayako sawa, ukajiambia mwenyewe sababu nzuri ya kutosimama. Simtaji. Wewe unamjua. Vaa koti, uende sasa, na ukifika usiseme ulikuwa njiani.