Verediana Aliyekataa Kuzika Shati

Marehemu Verediana Leodegar hakupenda mtu apambwe akishakufa. Alikuwa akisema misibani watu wote wanageuka kuwa watakatifu, halafu unashangaa wale wakorofi wamezikwa wapi. Kwa hiyo mdogo wake, Nikodemu, anayesoma wasifu huu mbele yenu hapa Mofu, atamweleza alivyokuwa.

Alizaliwa Mahenge, wilaya ya Ulanga, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Leodegar na mama Ritha. Alibatizwa haraka haraka akiwa na siku nne, kwa sababu alikuwa kadogo mno na bibi yake hakutegemea kama angefika Pasaka. Alifika, na bibi huyo ndiye aliyekuja kuzikwa na Verediana.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1970 hadi 1976, akamaliza darasa la saba. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, na kabla ya simu za mkononi ndiye aliyewaandikia majirani barua. Wakimwambia aandike uongo, aliwarudishia kalamu.

Mwaka 1978 familia ilishuka bondeni kufuata mpunga. Tangu hapo hadi mwaka jana Verediana alikuwa mkulima, na hodari hasa wa kuamia ndege, kuwafukuza wasile nafaka. Mpunga ukianza kukomaa alipanda juu ya dungu lake, jukwaa la miti shambani, tangu alfajiri, na kombeo mkononi, na kwelea kwelea walikuwa na adabu upande wake. Beno, kitindamimba wake, alizaliwa Mei 2000, ndege wakiwa wengi. Uchungu ulimshika akiwa juu ya dungu, akakataa kushuka mpaka alipopatikana mtu wa kumpokea zamu. Mkunga alimgombeza kwa mwaka mzima.

Alifunga ndoa takatifu na Hermenegildi, mvuvi wa hapa Mofu, Jumamosi ya tarehe 25 Juni 1983. Waliishi vizuri, wakigombana kwa mambo madogo tu, na Mungu aliwajalia Edna, Martin na Beno. Hermenegildi alifariki mwaka 2011 kwa maradhi ya figo. Mjane hakuolewa tena, ingawa wapo waliojaribu, na wawili kati yao wamekaa hapa leo.

Sasa linakuja jambo ambalo baadhi ya ndugu waliomba lirukwe. Septemba 2021 Beno alipata ufadhili wa kwenda kusomea mitambo ya kilimo ng'ambo. Jina la nchi hiyo Verediana alikataza lisitajwe nyumbani kwake, na mbele ya jeneza lake halitatajwa. Mwaka uliofuata nchi hiyo ikaingia vitani. Hapa bondeni vita ilifika kwanza kwa mbolea. Ilipanda bei, kisha ikaadimika, na msimu ule wengi walilima kwa kumwomba Mungu tu. Watu ambao hawajawahi kufika Dodoma wakawa wanabishania mizinga na mipaka kwenye vilabu vya pombe. Verediana hakubishana na mtu. Alinunua redio.

Ufadhili ulikatika. Beno akabaki kule bila vibali, akahangaika na vibarua, mwishowe akatia saini mkataba wa ulinzi uliokuwa kwa lugha aliyoisoma kwa shida. Novemba 2023 alimpigia mama yake simu. Alisema kazi aliyoikuta kambini siyo aliyoahidiwa, na mwenzake Deus anataka watoroke wote wiki ile. Bunduki hakuitaja. Pengine alimwonea mama yake huruma. Na mama yake alielewa ulinzi kama mtu wa mpunga anavyouelewa, kwamba umekabidhiwa kitu cha watu, na ukiondoka mapema kinaliwa. Nikodemu alikuwa amekaa pale pale, akasikia jibu.

"Usiache kitu cha watu njiani, baba. Kaa mpaka upokewe."

Beno akasema, "Haya, mama. Nimekuelewa."

Hakupiga tena. Februari 2024 alipiga Deus, ambaye alitoroka peke yake. Alisema amesikia kuwa Beno alipelekwa mstari wa mbele na gari lao likachomwa. Mwili hakuuona, wala hakumpata aliyeuona. Familia iliandika barua kwa wahusika, ikajibiwa kwamba suala linafuatiliwa. Mpaka leo linafuatiliwa. Kijijini wazazi wakawa hawataki tena kusikia habari za masomo ya nje. Binti mmoja wa Mngeta alichaniwa fomu zake na baba yake, na hadi sasa hawaongei.

Wazee wa ukoo, wakiongozwa na Barnaba, shemeji yake Verediana, waliamua afanyiwe Beno kama alivyofanyiwa mjomba aliyechukuliwa na mto mwaka 1979. Izikwe nguo yake, watu wakae matanga, wapumue. Tarehe 17 Agosti 2024 kaburi likachimbwa. Aliyeshika jembe ni Nikodemu. Barnaba alitoka ndani na shati la shule la Beno, na Verediana akaja nyuma yake bila kelele, akashuka kaburini, akakaa chini.

Akasema, "Mto tuliuona ukimchukua mjomba. Beno nani amemwona?"

Alikaa mle mpaka watu wakaanza kuaga mmoja mmoja. Kisha akanyoosha mkono avutwe, akachukua shati, akaenda kulifua. Tangu hapo kila mwezi alilifua na kulipiga pasi ya mkaa. Ndugu walisema amechanganyikiwa. Nikodemu naye alisema hivyo, kwa sauti, na anaona aibu.

Machi 2025 alianza kuugua presha, kisha moyo. Alilazwa Ifakara mara tatu. Daktari alimshauri apunguze mawazo, naye akamjibu kwa heshima kwamba hakuleta mawazo hospitalini, ameleta miguu iliyovimba. Jumatano iliyopita, tarehe 7 Januari 2026, aliwaita Edna, Martin na Nikodemu kando ya kitanda. Kwa mara ya kwanza akaeleza kwa nini alikataa kaburi lile.

"Nikikubali amekufa, basi nimemuua mimi. Mimi ndiye niliyemwambia akae."

Walimwambia hakujua. Alisema hata kama hakujua, maneno yalitoka kinywani mwake, na mtoto alikuwa mtiifu. Akalia sana, yeye ambaye hakulia hata alipofiwa na mume. Halafu akatoa agizo moja, akawaapisha. Alifariki Ijumaa tarehe 9, saa tisa alasiri, akiwa amepewa mpako wa wagonjwa.

Jana kamati ilikaa muda mrefu juu ya sentensi moja ya karatasi hii. Barnaba, kwa nia njema, alitaka iandikwe kwamba marehemu ameacha watoto wawili, ili jambo la Beno nalo lifungwe leo. Nikodemu alikataa, na kwa vile ndiye mwenye kalamu, imeandikwa hivi.

Marehemu ameacha watoto watatu, Edna, Martin na Beno, wajukuu watano, na wadogo zake wanne.

Agizo lenyewe ni hili. Alisema, "Nikimkuta huko, nitamwomba msamaha mwenyewe. Nisipomkuta, mwambieni nilikosea." Deus amekuja msibani, anarekodi haya yanayosomwa, na ameahidi kuyatuma kwa kila anayemfahamu kule. Kwa hiyo Beno, kama yamekufikia, mama yako amesema alikosea. Usikae. Ondoka huko, uje nyumbani.

Lala kwa amani, dada. Ameambiwa.