Muzee Habineza Achague Karte Gani

Hapa Mapendo, mutaa wa Goma, mbele ya mulango wangu, kuko kiti kirefu cha mbao, kimekaa juu ya mawe ya volcan, mulima wetu wa moto. Miye njo ninauzisha kahawa pale, wananiita Koko. Asubuhi ile wateja wangu watatu walimuweka muzee Habineza katikati. Muzee alikuja juma ile toka muji wa Kiwanja, anaugua, na mbele ya saa sita alipaswa kujiandikisha kwa bima ya matibabu: mutuelle ya leta, ni kusema serikali, ao asiransi ya kampani. Feza yake ilitosha karte moja tu. Akichagua vibaya, hopitali inamurudisha. Kamate, mwalimu tunayemuita Ministre, njo alianza.

— Muzee, enda kwa leta. Leta ni baba.

— Baba gani? akajibu Janvier, mubadilisha feza, tunamuita Dola. Weye mwenyewe huyo baba alisahau mushahara wako tangu miezi ngapi? Kwa kampani utalala chumba cha peke yako, na ventilateri ya upepo juu. Wakubwa walisema: mugeni njoo, mwenyeji apone.

— Miye nilikuwa... muzee akasema.

— Ngoja, muzee. Tuko tunasema juu yako.

Cirimwami akashusha kikombe. Yeye tunamuita Docteur, juu siku moja alipaka rangi ukuta wa maternité, pale wamama wanazalia.

— Kampani iko na siri. Inapata faida kama hauugue. Basi inalipa wachungaji wafunge na kuomba, wateja wasiugue. Ukikohoa tu, mchungaji mumoja anafukuzwa kazi.

— Hata leta iko na akili! Ministre akakasirika. Ile mashine ya kupima joto ya volcan, wataifunga na karte. Ukipata homa hapa Goma, mukubwa anasikia joto kule Kinshasa!

— Akisha kusikia, Dola akasema, anapanda ndege, anaenda kutibiwa Ulaya pa nafasi yako!

Tulicheka mpaka kahawa ikanimwangikia. Marehemu mama yangu, kule Masisi, alizoea kusema: nyumba ya mabishano, mugonjwa anajipikia. Nilimukumbuka, lakini nilicheka tu.

— Batoto bangu, muzee akasema, ni huku...

— Haraka haraka haina baraka, papa! Docteur akamukata maneno. Tumugawanye. Toka mukaba wa suruali kwenda juu, wa leta. Toka mukaba kwenda chini, wa kampani. Kila mumoja anapata nusu ya feza. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na mukaba wenyewe? Dola akauliza.

— Mukaba ni wa kanisa.

Wakaanza kugombania kitovu.

Ndipo mama mumoja mwenye kuuzisha sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, jina lake Dorine, akatua beseni yake. Hakuwahi kunywa kwangu. Akamuangalia muzee, jasho inamushuka mpaka kidevuni.

— Papa huyu, inamuuma wapi?

Ministre akaonyesha kifua. Dola akaonyesha goti. Docteur akainua kidole, akakirudisha kwenye kikombe. Na miye, niliyemumiminia muzee kahawa kila asubuhi ya juma ile, nikageukia birika.

Dorine akapiga magoti.

— Papa, nionyeshe.

Muzee akashika mukono wa Dorine, akaupeleka nyuma yake, chini ya mbavu za kushoto, pahali hakuna kidole chetu kilifika. Dorine alipogusa, muzee akalia kama mutoto.

— Tangu lini, papa?

— Tangu yenga. Siku ya Mungu, ya kusali. Tangu asubuhi niko nawaambia.