Ndizi Zilizomwagwa Shimoni

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyekiti, mabibi na mabwana wa kikundi chetu, ahsanteni kwa kunipa nafasi kabla ya chai. Nimeomba kusema kabla ya chai kwa makusudi, maana nitakayoyasema ni machafu, na sipendi mtu anilaumu kwamba amerudisha maandazi yake.

Mnanijua. Mimi ni mkulima wa migomba hapa Mgogoni, shamba aliloniachia marehemu mume wangu. Majina ya watu sitayataja. Wengine mmo humu ndani, na sikuja kumvua mtu nguo.

Ilianza hivi. Nilikuwa na mgomba umebeba mkungu mzuri wa ndizi za mkono wa tembo. Asubuhi nikaukuta umelala chini, mizizi imeng'oka yote. Nikasema ni upepo. Mwingine ukaanguka, na upepo hakuna. Nikachukua panga nikachimba. Ndugu zangu, nawaambia, harufu iliyotoka pale bado ninayo puani. Mizizi ilikuwa myeusi, laini, ukiishika ngozi yake inavuka na kukubakia vidoleni kama ngozi ya kuku aliyemwagiwa maji ya moto. Ndani ina michirizi myekundu, rangi ya nyama iliyokaa juani. Na juu ya tunguu, kile kitako cha mgomba kilicho chini ya udongo, pana utando mweupe wa kuvu, umetanda kama malai juu ya maziwa yaliyochacha. Nilitapika palepale shambani.

Nikamwita bwana shamba. Akaja, akapasua mzizi mmoja, akautupa, akapangusa kisu kwenye majani. Akasema, "Hii ni minyoo ya mizizi, bibi." Akapanda pikipiki akaenda zake. Hakusema minyoo gani, hakusema inafanya nini. Aliniachia hilo neno moja tu, minyoo, na wapita njia walikuwa wawili wamesimama wanasikia.

Basi lile neno likatembea. Halikutembea kama nilivyoambiwa mimi, kwamba mizizi ina minyoo. Lilipofika kisimani, ndizi zangu ndizo zilizokuwa na minyoo.

Haukupita muda pakawa na khitma kwa majirani. Kama desturi yetu, nikapika ndizi mbichi za nazi, sufuria kubwa, nikapeleka. Upande ule wa shamba uliokuwa bado umesimama ulikuwa unazaa vizuri, na ndizi zile nilizimenya mwenyewe, safi kabisa. Watu wakala. Wengine waliomba kuongezwa, nawakumbuka.

Mara mtoto mdogo wa nyumba ile akaanza kukohoa. Akainama, akatapika juu ya jamvi. Na katika yale matapishi, samahanini, pakawa na mnyoo mzima, mrefu kama penseli, rangi ya pinki, unajinyonganyonga juu ya ndizi zangu.

Kisha mama mmoja, jirani yangu wa kupakana shamba, akasimama akasema, "Ni zile ndizi. Bwana shamba mwenyewe kasema zina minyoo."

Hakuna aliyebishana naye. Watu walitia vidole kooni kujitapisha uani. Wanawake wakakusanya masinia, wakaenda kuyamwaga shimoni nyuma ya nyumba, na sufuria yangu nayo ikamwagwa. Mmoja akachota majivu jikoni akayanyunyiza juu ya chakula changu, kama mtu anayefukia mavi ya paka. Nilikuwa nimesimama pale. Sufuria nilirudishiwa imeshikwa na ncha ya jiti.

Yule mtoto alipelekwa kituo cha afya, akapewa dawa, akapona. Muuguzi aliwaambia wazazi wake kwamba minyoo ya tumboni watoto huipata kwa uchafu wa choo, na kwamba mtoto alikuwa nayo zamani. Hayo sikuyasikia ila baadaye sana. Habari hiyo haikutembea.

Tangu siku ile nikawa mtu wa kukimbiwa. Mikungu yangu ikaozea mitini. Dada yangu wa tumbo moja alikuwa akija kunitazama, ananiambia mlangoni, "Usione vibaya, leo nimekuja nimeshakula." Kila siku alikuwa ameshakula.

Na mimi mwenyewe, wenzangu, nilianza kuamini. Hapo ndipo nilipoanguka hasa. Nikitia tonge mdomoni naona linatambaa. Nilisugua mikono kwa sabuni ya unga mpaka ikapasuka, nikalala nainusa, naona bado inanuka ule uozo. Ndizi, chakula nilichokulia, sikuweza hata kuitazama. Shambani nikaacha kwenda. Nikakonda hadi nguo zikanivuka, na watu waliponiona nimekonda wakasema, si mnaona, ni ile minyoo.

Sasa, wakaja watafiti. Walifika kwa sheha wakasema wanatafuta mashamba yenye migomba inayoanguka, wanasoma mambo ya minyoo ya mimea na kuvu. Sheha akauliza watu kwenye shehia nzima. Kila mtu akasema migomba yake mizima. Basi wakaletwa kwangu, maana mimi sikuwa tena na cha kuficha.

Aliyekuja ni binti, sauti yake ya bara. Nilimwambia, "Mwanangu, usiguse kule. Kunatia kinyaa."

Akasema, "Shikamoo mama. Hicho kinyaa ndicho nilichokifuata."

Akapiga magoti kwenye ule uozo, hana glavu, akaing'oa mizizi na kuinusa. Mimi nilikuwa mbali, nimejiziba pua kwa mtandio, nikiwaza huyu mtoto wazazi wake wamemlea vipi. Akachukua na udongo wa kule nyuma, migomba ilikosimama. Nikamwuliza, "Huo mzima wa nini?"

"Nataka kujua kwa nini huu haujaugua," akasema.

Akaenda zake, akakaa huko miezi. Nikadhani ni kama bwana shamba tu, ameshapangusa kisu. Akarudi. Akaweka hadubini, kile chombo cha kukuzia vitu vidogo, kwenye meza barazani kwangu. Akaniambia, "Mama, chungulia."

Nilikataa. Aliniomba sana. Nikachungulia.

Ndugu zangu, yale niliyoyaona. Viuzi vyeupe vinavyong'aa, vinapindapinda, havina macho, na mdomoni kila kimoja kina kitu kama sindano. Kinaichoma ile sindano kwenye mzizi, kinaingia, kinatulia mle kama mwenye nyumba.

Akanieleza. Alisema kila kiumbe kina maelekezo ya namna ya kuumbika na kuishi, yamo ndani ya kila chembe ya mwili wake, na maelekezo hayo yote kwa pamoja wao wanayaita jenomu. Huko maabara walikuwa wameisoma jenomu ya mnyoo huyu na za kuvu walizozikuta mle mle. "Mnyoo huyu," akasema, "ana maelekezo ya kutengeneza majimaji ya kuyeyushia mizizi. Na inaonyesha maelekezo hayo wazee wake waliyapata kutoka kwa bakteria, zamani za kale."

Nikasema, "Kwa hiyo mchafu, tena mwizi."

Akacheka. Akasema mnyoo akishatoboa, kuvu mbaya hupita tundu lile na kumalizia kuozesha. Nikamsimulia ya khitma ile, nikamwuliza lile lililokuwa likinila moyo. "Na akiingia tumboni mwa mtu?"

"Hawezi kuishi. Huyu ameumbwa kwa mizizi ya mimea. Yule wa watoto ni ukoo wake wa mbali, ana maelekezo mengine kabisa. Mama, yule aliyetapikwa ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimwona. Alikuwa kama penseli."

"Na hawa uliwahi kuwaona kabla ya leo?"

Nilikuwa nimechimba shamba lile miaka yote na sikuwahi kumwona hata mmoja. Jambo dogo kiasi hicho, wenzangu, na hakuna aliyelifikiria. Si mimi, si wao waliojitapisha uani.

Kisha akabadilisha kioo, akaweka cha udongo wa kule nyuma. Akasema, "Sasa tazama rafiki yako." Nikaona nyuzi za kuvu, nyembamba, na juu yake vitanzi vidogo, duara duara. Mnyoo mmoja akapita, akatia kichwa kwenye kitanzi. Kitanzi kikabana. Mnyoo akapiga mkia, akapinda, akapiga tena. Mwisho akatulia. Binti akaniambia kuvu sasa itamwingia, itamla kutoka ndani.

Ni kitu cha kuchukiza, sitawadanganya. Lakini sikuondoa jicho. Nilitazama mpaka shingo ikauma. Na nilipoinua kichwa nikamwambia dada yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, "Niletee jembe."

Kazi ilikuwa chafu. Binti alinitahadharisha kwamba kuvu ile peke yake haitoshi. Tuling'oa migomba yote iliyoumwa. Pale tukapanda muhogo kwa muda, maana minyoo ile haiupendi, ikose chakula ife. Machipukizi ya kupanda tuliyachonga tunguu mpaka nyama ikabaki nyeupe isiyo na doa, tukayatia kwenye maji ya moto kwa kipimo alichotuonyesha. Udongo wa kule nyuma tuliulisha samadi na majani, ile kuvu isitawi. Nilifanya yote hayo huku nimekunja uso. Kinyaa hakikuniisha. Nilijifunza kufanya kazi nacho.

Migomba ikasimama. Mkungu wa kwanza nikaupika, nikaula mbele ya dada yangu. Akanitazama weee, kisha akanawa mikono, akakaa.

Sasa nisikilizeni hapa. Siku moja nilisikia hodi. Ni yule mama, jirani yangu, na ndoo imefunikwa kipande cha gunia. Kabla hajafunua nilishajua, kwa harufu.

"Shoga," akasema, "nami yangu inaanguka."

"Tangu lini?"

Akatazama chini. "Tangu kabla ya khitma ile."

"Na hukusema?"

"Nilikuona wewe ulivyofanywa."

Nikamwuliza, "Na aliyenifanya ni nani?"

Akavuta gunia kuifunika ndoo vizuri. Nawaambia kweli, karaha niliyoisikia kwake ilizidi ya minyoo yote ya duniani. Mnyoo hajui. Yeye alijua, mizizi yake ilikuwa inaoza, akasimama mbele za watu akanionyesha mimi kidole ili wasitazame kwake. Na katika kuficha, alikuwa akigawa machipukizi yenye ugonjwa kwa jamaa zake mpaka Kiuyu. Nilitamani niimwage ile ndoo miguuni pake.

Sikuimwaga. Nilichukua kisu, nikapasua mzizi, nikamwonyesha ile michirizi myekundu. Nikamfundisha nilivyofundishwa. Kusema kwamba nimemsamehe, hapana, bado naomba Mungu anisaidie. Lakini shamba lake likibaki linaoza, langu halitapona, tunapakana.

Namshukuru Mwenyezi Mungu. Namshukuru yule binti aliyepiga magoti kwenye uozo wangu wakati watu wangu walikuwa wananirudishia sufuria kwa jiti. Namshukuru sheha, na dada yangu, ambaye alichelewa kula lakini hakuacha kuja. Nakishukuru kikundi hiki kilichonipa zamu ya kusema.

Ninachowaachia ni hiki. Ukiona kitu kinatia kinyaa, uliza ni kitu gani kabla hujamtafuta wa kumbebesha. Ugonjwa ulienea shehia nzima kwa sababu tulioneana haya na tukaogopana, na kila aliyeficha mzizi wake aliuozesha na wa jirani.

Watafiti wanarudi wiki ijayo, na safari hii wanataka mashamba mengi. Kwa hiyo sikai. Naomba kila mwenye mgomba unaoanguka anyooshe mkono sasa hivi, mbele ya wenzake.

Nasubiri.

Ahsante, bibi, nimekuona. Na wewe bwana wa pale dirishani. Haya, na wengine nyuma huko, inueni juu, tuonane.