Tashbihi Kwanza: Mwalimu Pengo na Darasa Lake la Gerezani

Marehemu Mwalimu Pengo alikuwa mtoto wa mfua vyuma aliyekunja nondo kwa goti, mjukuu wa bibi aliyemuua fisi kwa mchi kisha akarudi kutwanga, na kitukuu wa mtu aliyefungwa kwa kumng'ata mnyapara sikio. Katika ukoo wetu mkono hutangulia, maneno hufuata. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, chumba cha nyuma cha karakana ya baba, akiwa kitinda mimba. Mimi dada yake, niliyeishia darasa la saba, ndiye niliyembeba mgongoni.

Alianza shule mwaka 1959. Darasa la tano wakafundishwa tashbihi, yaani kufananisha kitu na kingine kwa neno "kama". Jioni ile ile baba akamwinulia mama nyundo. Mtoto akasimama katikati: "Baba, uko kama mbwa mwenye kichaa." Meno mawili ya mbele yakalala sakafuni. Mwaka uliofuata wakafika kwenye sitiari, ambayo haina "kama". Baba alipoinua tena nyundo, akamwambia, "Baba, wewe ni mbwa." Akavunjwa mkono. Lakini mara zote mbili baba aliishia kuitupa nyundo na kutoka nje, na mama hakuguswa. Hilo marehemu hakulisahau. Wanafunzi wake walimsikia akisema, "Tofauti ya tashbihi na sitiari ni mfupa mmoja." Watu husema marehemu ameacha pengo, huyu alikuwa nalo tangu utotoni.

Alihitimu ualimu mwaka 1973, akafundisha fasihi sekondari. Mwaka 1978 alimwoa wifi yangu, fundi cherehani. Alimposa kwa takriri: kila Jumamosi neno lile lile, mpaka wifi akasema, "Haya, nyamaza, nimekubali!" Nyumbani hakuinua mkono hata siku moja. Ulimi, jamani, ulichubua.

Tangu 1994 alifundisha pia gerezani, kwa kuomba mwenyewe. Humo watu walipasuana vichwa kwa sababu ya blanketi. Akaweka sheria: anayetaka kupiga atoe tashbihi kwanza, darasa likiikubali, ameshapiga, akae chini. Bwana jela, aliyeketi hapo mbele, ni shahidi. Siku moja jambazi alimkaba mwenzake koo.

"Tashbihi kwanza!" marehemu akanguruma.

"Mwalimu, huyu ni kama mlango wa choo chetu: bila teke haelewi!"

Hata aliyekabwa alicheka, kwa taabu.

Tarehe 3 Juni mwaka huu, mfungwa mgeni alimrukia mwenzake na kijiko kilichonolewa. Marehemu akaingia katikati, akainua kidole. "Tashbihi kwanza." Akangoja, kama anavyongoja mwalimu. Yule akahema, akatafuta, akapiga kelele, "Sina!" Akamchoma tumboni, akachoma tena. Damu ilifika ubaoni. Kidonda kikaoza, na tarehe 21 Juni akatutoka hospitalini.

Ameacha mjane, mwana mmoja ambaye ni mchinjaji, wajukuu watano, na mimi. Mwana huyo ameapa kwamba yule mfungwa hataiona mahakama akiwa hai. Jana kaniambia, "Shangazi, nirudishie kisu changu." Kisu nilichomnyang'anya ninacho, nimekifunga kwenye taulo, na leo namjibu mbele yenu, kwa maneno ya baba yake, niliyoyasikia nikiwa nimeshika beseni la damu kando ya kitanda.

"Baba, nitamchinja," mwana alimwambia.

"Utamchinja mtu aliyehudhuria somo moja tu? Sikuwahi kumfundisha. Nenda darasani kwangu, mkae uso kwa uso. Mfundishe mpaka atoe tashbihi nzuri, nawe umpe yako. Darasa likizikubali zote mbili na bado una hamu ya kisu, shauri yako."

Bwana jela amekubali: Jumatatu, saa tatu asubuhi. Ndugu yangu alale, vita vyake vimekwisha. Wewe, mwanangu, chaki hii hapa. Alisema nikupe mkononi.