Babu Rudia na Kamera Iliyobaki Mlangoni

Kwanza salamu. Mkuu wa chuo, mhasibu na mgongo wake, mlinzi wa getini, walimu, wanafunzi wanaosinzia na wasiosinzia, habari za siku nyingi. Kwangu hatujambo: baba watoto anawasalimu, mama mkwe kikohozi kimepungua, kitindamimba anaota meno. Binti yangu mkubwa chakula hakimpiti, nitawaeleza.

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mwalimu wetu wa filamu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Ndiye Babu Rudia, maana picha ikiisha tu husema, "Rudia." Nimeombwa mimi niandike, mpika chai, eti ndiye niliyekaa naye sana.

Kila mwaka alifungua somo kwa mwanzo wa filamu ileile, msichana anaondoka kwao. Kamera inaanzia chini, kwenye viatu vinavyonyata visimwamshe mtu. Inapanda pole pole hadi kwenye begi, hadi usoni, halafu inarudi kinyumenyume mbele yake koridoni, kama mzazi anayezuia bila kugusa. Mlangoni inasimama. Yeye anaipita, anakwenda, anakuwa mdogo barabarani. Bega linageuka kidogo, uso haugeuki.

Hapo anauliza kwa nini kamera imesimama, ndipo zogo. "Mpiga picha kachoka, Mwalimu!" "Waya ulikuwa mfupi!" Naye Babu anacheka: "Haya, wote koridoni." Toroli langu la chai linageuzwa gari la kamera, analivuta kinyumenyume, mwanafunzi anamjia na begi. Mwaka mmoja alivuta weee, mpaka akaingia ofisi ya uhasibu, akamkalia mhasibu mapajani, chai yote shatini. Mhasibu akauliza, "Mzee, na hii turudie?"

Wakishatembea wenyewe wanaelewa. Kamera ikimfuata barabarani, safari ni ya wawili. Ikibaki, inakuwa macho ya aliyeachwa, na njia inakuwa ya msichana peke yake. "Kumwachia mtu njia," husema Babu, "si kumtupa." Wengi waliojifunza hapo leo wanakula kwa kamera zao.

Sasa Jumatatu darasa hilo analishika binti yangu, mwanafunzi wake wa zamani. Amepewa muhula mmoja wa majaribio, ukimshinda, basi. Sauti yake ndogo, jamani, na wale watoto wana midomo! Siku aliyoanza kusoma hapa nilimsindikiza na toroli mpaka darasani, nikabaki nachungulia. Babu Rudia akaja, akasema, "Mama Chai, chai inapoa," akafunga mlango taratibu. Nilimnunia wiki nzima.

Nilianza kuandika haya nimwombe aje Jumatatu akae kiti cha nyuma, mwanangu amwone apate moyo. Nimepafuta hapo. Usije, baba. Mwenyewe ulitufundisha kamera isimame wapi.

Asante kwa watoto wetu wote, na kwa wangu. Tunakutakia mapumziko ya raha, magoti yasikusumbue, na viti vya kukalia visiwe na watu. Ila ukifika kwa mwanao, huko unakohamia, tuma neno upesi, kabla ya Jumatatu asubuhi, maana nikikosa habari silali. Mtumie na binti yangu salamu mbili tatu. Nitazipeleka pamoja na chai. Nitagonga, nitaviacha mlangoni, nitageuza toroli langu.