Bi Mwanahawa na Ghorofa Tano Zilizotupita

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi Mwanahawa Shekighenda anastaafu, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya ensaiklopidia ya shule hapa Lushoto kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuja akiwa mpiga taipu, akawa msahihishaji wa prufu, na miaka mingi iliyobaki amekuwa mhakiki, yaani mtu wa mwisho kuisoma makala kabla haijakwenda kiwandani kuchapwa. Wenye jarida la ofisi wameniomba niandike maneno ya kumuaga, na wakasisitiza nichekeshe. Nitajaribu, ila yaliyotokea mwezi wa tatu bado hayajanitoka.

Kwa wageni wa ofisi, Bi Mwanahawa hahakiki makala peke yake. Mwandishi anaitwa, anaketi upande wa pili wa meza, na Bi Mwanahawa anasoma kwa sauti, sentensi moja moja. Hainuki mtu mpaka wote wawili wameikubali. Chai italetwa, itapoa, italetwa nyingine. Hasira zikimpanda anahamia Kishambaa, na hapo hata sisi wa chumba cha kupanga kurasa tunatafuta shughuli ya nje. Makala ikipita anaandika herufi za jina lake chini ya ukurasa, na kuanzia hapo kosa lolote litakaloonekana ni lake, si la mwandishi. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe. Hatukuwahi kuiona ikifanya kazi, maana hakuna kosa lililowahi kumpita.

Daktari mmoja aliwahi kurudishiwa makala ya malaria mara tatu. Mara ya nne akaja na kapu la pichesi. Bi Mwanahawa akazipokea kwa shukrani, akamega moja, akamwambia tunda limeiva ila aya ya pili bado mbichi. Tulizila sisi.

Sasa tuje kwenye ile makala ya mwezi wa tatu. Mwandishi wake alikuwa Kristian Shemweta wa Mgwashi, mtu wa milimani kama sisi, aliyekuwa bado kwenye muda wa majaribio. Makala zake mbili zilikuwa zimeshakataliwa, na Mhariri Mkuu wetu, Mzee Timotheo, alishamwambia mbele ya watu kwamba kosa moja zaidi na atafute kazi nyingine. Mkewe alikuwa amejifungua Bumbuli majuma machache nyuma. Kristian alikonda mpaka mkanda ukaongezwa tundu. Makala aliyopewa ilihusu jengo refu mno la ng'ambo, ambalo sitalitaja jina lisije likatuletea maneno tena. Lina ghorofa nyingi, na juu ya paa lake zimesimikwa antena mbili za kurushia matangazo ya redio na televisheni.

Ugomvi ulikuwa juu ya hizo antena. Kristian alizijumlisha kwenye urefu wa jengo, na Mzee Timotheo alimuunga mkono kwa sababu namba ilinoga. Bi Mwanahawa akasema hapana, antena fundi anaweza kuifungua kwa spana akaiteremsha, na jengo likabaki lilelile. Urefu wa jengo uandikwe peke yake, wa antena peke yake. Walibishana siku tatu. Mzee alipiga meza, vikombe vikaruka, Kishambaa kikatawala korido nzima. Mwishowe Bi Mwanahawa akashinda, wenye utani wao wakambatiza Bi Antena, na Ijumaa kurasa zikapelekwa Tanga zenye herufi zake chini. Mtambo ungewashwa Jumatatu asubuhi. Wote tulikuwa tumetazama juu, kwenye antena.

Jumapili Bi Mwanahawa alikuwa Mtae, nyumbani kwa mdogo wake Athumani. Pakafika shemeji yao, Yusufu, fundi mwashi wa Tanga mjini, amepandia njia ya bondeni, inayopita nyuma ya nyumba. Akamwambia Athumani kwamba ghorofa lake limepata ufa. Watu walicheka sana. Ghorofa gani? Nyumba ya Athumani ni ya chini, unatoka barabarani unaingia sebuleni moja kwa moja. Yusufu akawazungusha nyuma, kwenye mteremko, akawaonyesha vyumba viwili chini ya sebule, vina milango na madirisha yake, kimoja cha mbuzi na kimoja cha viazi. Kumbe ni kweli. Huku kwetu milimani nyumba tunaihesabu kuanzia mlango wa barabara ya juu, na vinavyoning'inia chini ya mlango huo havina hesabu. Ndivyo tulivyozaliwa tukavikuta.

Bi Mwanahawa peke yake hakucheka. Alikuwa amekumbuka mchoro uliokuja na makala ya Kristian. Lile jengo nalo limejengwa kwenye mteremko. Mlango mkuu uko mtaa wa juu, na chini ya mlango huo kuna ghorofa tano nzima, zenye maduka na ofisi, zinazotazama mtaa wa chini. Kwa kuwa vitabu vilipishana idadi, Kristian alihesabu mwenyewe kwenye mchoro, kuanzia mlangoni, kama mtu wa Mgwashi. Bi Mwanahawa akahesabu baada yake, kama mtu wa Mtae. Ghorofa tano za watu wakazifanya banda la mbuzi.

Angeweza kunyamaza. Nani angepanda ndege kwenda kuhesabu? Na alikuwa na cha kupoteza: makao makuu yalishamwandalia Cheti cha Utumishi Bila Dosari, ambacho kituo chetu hakijawahi kukipata. Akisema, ama Kristian anafukuzwa, ama cheti kinakwenda na maji.

Akapanda ukingoni mwa mlima, mahali wanaposimama watu wa Mtae kutafuta mtandao, akampigia Faraji, msimamizi wa kiwanda cha uchapaji Tanga. Faraji akajibu kwa adabu zote kwamba mtambo anausimamisha Mhariri Mkuu na si mwingine. Mzee Timotheo alikuwa kanisani, simu imezimwa. Bi Mwanahawa akabaki palepale kwenye upepo, khanga mbili hazimtoshi, anapiga, simu inakatika, anapiga tena. Ilipopokelewa, jua lilikuwa limeshageuka, na Mzee alipoelewa alipiga kelele mpaka walinzi wa usharika wakaja kumtazama.

Jumatatu tuliitwa wote. Mtambo ulikuwa umezuiwa, lakini Mzee alikuwa amevimba. Kristian alisimama karibu na mlango, mkoba wake tayari begani. Mzee akasema jambo ni jepesi: mwandishi kahesabu vibaya, mwandishi aende, na jalada la utumishi la Bi Mwanahawa lisiguswe. Alidhani anamfanyia hisani.

Bi Mwanahawa akaufungua ukurasa juu ya meza, akauliza herufi zile ni za nani. Mzee akakiri ni za Bi Mwanahawa mwenyewe. "Basi na kosa ni langu, Mzee. Kijana kakosea mezani kwangu, na mezani kwangu nilikuwepo." Mzee akamkumbusha cheti, kwa sauti ya chini sasa, karibu ya kumbembeleza. Akajibiwa kwamba cheti anakijua, na onyo liandikwe jaladani mwake, mbele yake, ili aweke sahihi, asije mtu akaja kulifuta akishaondoka. Mzee akaliandika, Bi Mwanahawa akaweka sahihi. Kristian aligeukia ukuta akalia, na mimi simcheki, maana nami sikuwa mbali na kulia.

Ukurasa ulirekebishwa siku hiyohiyo, na kitabu kimeshafika shuleni kikiwa na ghorofa zake zote. Kristian alithibitishwa kazini mwezi wa tano. Mzee Timotheo aliyaandikia makao makuu mara mbili kuomba cheti kitolewe hivyo hivyo. Yamekataa. Mwenye onyo hapewi.

Kwa hiyo siku ya sherehe msishangae mkifika pale penye kukabidhi cheti mkakuta hakuna cha kukabidhi. Nafasi hiyo ameiomba Kristian. Hatatoa hotuba. Ataingia na mkewe na mtoto wao, wamwamkie Bi Mwanahawa shikamoo, kisha watarudi kuketi.

Bi Mwanahawa, tunakushukuru kwa kila sentensi uliyotugomea. Nenda Mtae salama, ukalime, ukalale mchana, na maisha yaliyo mbele yako yawe mema. Kiti chako anakikalia Kristian kuanzia Julai, na herufi za jina lake ameshaanza kuziandika chini ya ukurasa.